Namna ya kuwasimulia wanafunzi maisha ya Mary Leakey

Ukifika na wanafunzi kwenye Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, pale Museum Hill, wataikimbilia sanamu ya mwanaakiolojia Louis Leakey, yule mzee aliyeketi na jiwe mkononi. Waache waitazame. Ukitaja Mary, naye mwanaakiolojia, watauliza kama ndiye aliyekuwa mkewe. Ndiye. Lakini ukianzia kwenye ndoa, kila utakachosema baadaye kitasikika kama msaada aliompa mumewe, na huo si ukweli wa maisha yake. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 7 huku Eastlands, na ninachomwomba mwalimu mwenzangu ni aanzie kwenye penseli.

Siku chache kabla ya ziara, kila mtoto alete jiwe. Kokoto kubwa za mjengo zinafaa kuliko mawe laini ya mtoni, kwa kuwa zimepasuliwa na zina kingo. Wakae karibu na dirisha, mwanga uangukie jiwe kutoka juu upande wa kushoto. Wapime urefu na upana kwa rula, wachore umbo la nje, kisha waje kwenye sehemu ngumu: kila pahali palipobanduka kipande pana ukingo wake, na lazima uonyeshe upi ulikatwa kwanza na upi ukaja juu yake. Wape kipindi kizima. Wengine watanuna na kufutafuta hadi karatasi itoboke. Hapo ndipo wanapoanza kuelewa kwamba kuchora jiwe ni kulisoma, na kwamba anayechora vizuri ameona mengi kuliko aliyepita akilitazama.

Sasa waeleze. Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, binti wa mchoraji. Utotoni babake alimtembeza kwenye mapango ya kale ya Ufaransa. Shule zilimfukuza, na hakuwahi kusomea digrii. Alihudhuria tu mihadhara ya akiolojia na jiolojia. Usiruke habari ya kufukuzwa. Darasani huwa pana mtoto anayehitaji sana kuisikia. Kilichomfungulia mlango ni michoro yake ya zana za mawe kutoka Misri, aliyomchorea mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson. Louis alikutana naye mwaka 1933, akamwomba amchoree kitabu chake.

Louis wakati huo alikuwa na mke, Frida, na watoto. Usilifiche hilo, wala usilifanye kuwa udaku. Sema kwamba alimwacha Frida, kwamba jambo hilo lilimharibia jina katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na kwamba alifunga ndoa na Mary mwaka 1936. Kisha andika ubaoni herufi tatu: FLK. Ni jina la eneo moja kule Olduvai, Tanzania, na maana yake ni Frida Leakey Korongo. Lipo pia MNK, Mary Nicol Korongo. Wake wote wawili wako kwenye ramani ya bonde lile. Halafu waambie kwamba ugunduzi mkubwa wa Mary aliupata FLK, kwenye korongo lenye jina la Frida. Mimi darasa langu hunyamaza kabisa nikifika hapa.

Tarehe ni 17 Julai 1959. Louis alikuwa mgonjwa, amebaki kambini. Mary alitoka na mbwa wake aina ya Dalmatian, akaona mfupa umechomoza ardhini, akapangusa udongo, yakatokea meno mawili makubwa yakiwa bado kwenye taya. Akaendesha gari kurudi kumwita mumewe. Fuvu lile la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, waliloliita Zinjanthropus, lilikuwa limevunjika vipande mamia, na Mary aliviunganisha kimoja kimoja. Baadaye ilipimwa kwamba lina umri wa takriban miaka milioni 1.75.

Kwenye hadithi hii usiseme “Leakey aligundua.” Watoto wakisikia Leakey peke yake wanaiona sanamu. Sema Mary, kila mara. Fanya vivyo hivyo ukitaja fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, la kisiwa cha Rusinga mwaka 1948: aliyeliona ni Mary. Na wataje waliochimba pamoja na familia hiyo, kama Heselon Mukiri na Kamoya Kimeu, maana si haki kumtoa mwanamke kwenye kivuli halafu ukawaacha Waafrika humo humo.

Miaka ya uzazi usiipitie mbio. Alilea wana watatu, Jonathan, Richard na Philip, na alimzika binti yake Deborah akiwa bado mchanga. Kazi haikukoma. Louis alifariki mwaka 1972, na baada ya hapo ndipo Mary alipoongoza uchimbaji wa Laetoli, Tanzania, zilikopatikana mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Mtoto akitaka kujua Mary alikuwa nani bila mumewe, jibu ni Laetoli. Alifia hapa Nairobi mwaka 1996.

Shule ikiwa na basi, safari ya pili iwe Olorgesailie, eneo la zana za kale ambako Mary alifanya kazi miaka ya 1940. Ni takriban kilomita 70 kwa Barabara ya Magadi: Rongai, Kiserian, Kona Baridi, kisha mteremko wa Bonde la Ufa. Kule mashoka ya mkono, yaani zana za mawe za watu wa kale, yameachwa palepale ardhini, mengi mno, nawe unayatazama ukiwa juu ya kijia cha mbao. Ondokeni alfajiri, jua la huko ni kali. Bebeni maji mengi, kofia na penseli. Hakuna anayeokota jiwe. Kila mtoto achague shoka moja, alichore hapohapo akiwa kijiani, na chini ya mchoro aandike sentensi moja inayoanza na jina Mary.