Feni ina VFD halafu bado mnabana dampa?

Wakuu wa viwanda vya chai, kama feni za matrafu ya kunyaushia majani mmeshazifunga VFD (draivu ya kubadilisha spidi ya mota) basi dampa, lile bati la kuzibia hewa, iacheni wazi kabisa, hewa punguzeni kwa spidi. Mtu anabana dampa huku mota inakimbia 50 Hz (spidi kamili), hapo mnalipia umeme wa kupigana na bati tu. Mzigo wa feni unafuata spidi kwa kipeo cha tatu, yaani ukishusha toka 50 hadi 40 Hz hewa inabaki kama asilimia 80 ila umeme unashuka karibu nusu (0.8 x 0.8 x 0.8 inakuja 0.51, piga mwenyewe), na majani yakishakauka maji ya juu hayahitaji upepo wote ule.

Setingi sasa. Muda wa kupanda spidi upeni nafasi, sekunde 30 au zaidi kama feni ni kubwa, na kwenye kuzima weka iachiwe isimame yenyewe, maana feni nzito ukiilazimisha kusimama haraka mota inageuka jenereta, volti za DC ndani ya draivu zinapanda inatripu (inajizima kujilinda), watu wanaanza kulaumu mashine bure. Washa pia ile ya kudaka feni inayozunguka tayari, upepo huwa unaizungusha hata kinyumenyume. Spidi inayotetemesha fremu, wekeni kwenye menyu draivu iiruke. Na huko chini ya 20 Hz msikae sana, kipozeo cha mota kiko kwenye shafti hiyohiyo, nacho kinazunguka polepole na mota inapata joto.