Somo: Kiamu cha bibi, Kiingereza cha shule

Wengi huniuliza mtoto aanzishwe Kiingereza lini. Mimi huanza na swali jingine: hapo nyumbani, lugha ipi ni ya nani?

Hatua ya kwanza, gaweni. Kwetu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, mama yangu hasemi ila Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, basi wakati wa chakula cha mchana ni wake. Baba watoto ndiye mwenye Kiingereza. Zamu yake ni baada ya isha, kwa kitabu cha picha, nusu saa tu. Anayebabaisha Kiingereza asijilazimishe. Mtoto ataokota kubabaisha kwako.

Pili, lugha ilishwe vitu. Mpeleke jahazi linapotengenezwa, ashike mlingoti, aulize omo, yaani mbele, ni wapi na shetri, yaani nyuma, ni wapi, na foromali, ule mti wa tanga, ni ya nini. Siku mwalimu akileta Kiingereza chake, kitu kishaingia kichwani, kimebaki jina.

Tatu, kusoma. Gredi ya 1 hadi ya 3 mtaala wa Kenya unataka lugha ya eneo, na kwetu ni Kiswahili. Gredi ya 4 masomo mengi huhamia Kiingereza. Miaka hiyo mitatu isipotee. Mtoto asome Kiswahili mpaka asikwame, ndipo umtahadharishe kwamba Kiingereza hakitamkwi kama kilivyoandikwa.

MASWALI

Dada, wangu ana miaka mitatu, anasema "nataka wota ya baridi". Nimkanye?
Hata. Mjibu tu, "Haya, maji ya baridi haya," umpe anywe. Kuchanganya kwa umri huo ni kawaida.

Mwalimu, binti yangu aliandika "ndoo hapa" kwenye insha, akapigwa wino mwekundu!
Maskini, msahihishaji labda aliona ndoo ya maji. Mwambie binti kwamba "ndoo" ya bibi ni sahihi, na ya insha ni "njoo". Vivyo hivyo ndia na njia, moya na moja. Mchezee mchezo: wewe sema la bibi, yeye ajibu la shule. Sisi tulivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwetu shuleni. Nilichojifunza ni kunyamaza.

Na Kiarabu cha chuoni, yaani madrasa, si lugha ya tatu hiyo?
Wangu anasoma juzuu nzima ya Kurani bila kusita. Muulize neno moja maana yake, anakutazama. Ukitaka akiseme, mtafutie wa kusema naye.