Sumu mwilini: la kufanya kabla ya kufika hospitali

Maziwa hayaondoi sumu. Naanza na hili kwa sababu, hapa Mombasa kuanzia Kisauni mpaka Likoni, mtoto akinywa mafuta ya taa kinachotafutwa kwanza ni pakiti ya maziwa, kisha mtu anamtia kidole kooni atapike. Mafuta ya taa yakibaki tumboni hayana neno kubwa. Hatari yake iko kwenye kupaliwa: ni mepesi, yanateleza hadi mapafuni wakati wa kutapika, na hata mililita moja ikiingia huko inatosha kuleta homa ya mapafu. Kwa hivyo usimtapishe mtu, iwe amekunywa mafuta, asidi, magadi ya kuzibulia mifereji au dawa ya wadudu. Asidi na magadi huunguza koo zikishuka, na zikirudi huunguza mara ya pili. Wala usijaribu kuzipoza kwa ndimu au siki.

Hatua ya 1: jilinde. Jiko la makaa likiwa limewaka ndani ya chumba kilichofungwa, fungua milango na umtoe mtu nje kabla ya kitu kingine. Ikiwa ni dawa ya kunguni au ya kupulizia mboga, vaa glavu. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukivaa mikononi ilipigwa marufuku 2017, basi weka jozi ya glavu za mpira jikoni.

Hatua ya 2: pumzi. Mwite, mtikise bega. Asiyejibu lakini anapumua, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kikirudi nyuma kidogo na mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke yenyewe. Usimwache chali, hata dakika moja. Asiyepumua, mkandamize katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi za mdomo kwa mdomo usizitoe kwa aliyekunywa dawa ya wadudu kama huna barakoa yenye vali, kwa maana sumu iko midomoni mwake.

Hatua ya 3: ondoa sumu iliyo juu ya mwili. Hapa ndipo wengi hukosea. Nguo zilizolowa dawa huendelea kuitia sumu ngozini njia nzima hadi hospitali, na waliombeba nao huanza kuumwa kichwa. Mvue zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha zisisahauliwe. Jicho limwagiwe maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza.

Hatua ya 4: chukua chupa. Kama haina kibandiko, kama zile za dawa ya panya zinazotembezwa mitaani, ibebe hivyo hivyo ikiwa imefungwa vizuri. Andika mambo matatu: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Kwa mtoto, andika pia uzito wake.

Hatua ya 5: safari. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Usimpandishe aliyezirai bodaboda katikati ya watu wawili: kichwa huanguka mbele na njia ya hewa hujifunga. Tuktuk ni afadhali, akilazwa ubavu kwenye kiti cha nyuma na mtu akimshika kidevu. Ukitoka Likoni, mwambie msimamizi wa feri mapema kwamba una mgonjwa mahututi.

Dalili za dawa ya wadudu zinafaa kujulikana na kila mtu: mate na machozi kumtoka, jasho jingi, kukojoa na kuharisha bila kujizuia, misuli kuchezacheza chini ya ngozi, na mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la pini. Ukiona mboni hizo pamoja na kifua kinachokoroma, usisubiri hata kuoga kumalizike.

MASWALI

Mama wa Bamburi: Mwanangu wa miaka miwili alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Alikohoa mara moja, sasa anacheza. Nimpeleke?

Jibu: Mpeleke, mama. Kikohozi kile ndicho ishara kwamba alipaliwa. Anahitaji kuangaliwa si chini ya saa 6 tangu alipokunywa. Njiani hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: kwa umri huo, 40 au zaidi ni kasi mno. Ukiona mbavu zinabonyea ndani akivuta hewa, mweleze daktari mlangoni. Na mafuta yasikae tena kwenye chupa ya soda. Mtoto hana namna ya kuyatofautisha na Sprite.

Abdalla, Majengo: Nimesikia mkaa unanyonya sumu. Wa jikoni ukisagwa unafaa?

Jibu: Hapana. Unaosemwa ni mkaa wa dawa, uliotengenezwa uwe na vitundu vingi mno. Mtu mzima hupewa gramu 50, mtoto gramu 1 kwa kila kilo, hospitalini, akiwa macho, na manufaa yake ni makubwa ndani ya saa ya kwanza. Haushiki mafuta ya taa, asidi, pombe wala madini ya chuma.

Nesi wa zahanati, Mtongwe: Mgonjwa wa dawa ya wadudu akinifikia, nianze na atropini, ile sindano ya kupinga sumu hiyo, kiasi gani? Wengine wanaiacha mapigo ya moyo yakizidi.

Jibu: Mtu mzima miligramu 2 kwenye mshipa, mtoto miligramu 0.05 kwa kila kilo. Kila dakika 5 kama kifua hakijakauka, zidisha dozi mara mbili: 2, 4, 8. Unachotafuta ni kifua kisicho na mkoromo, mapigo ya moyo zaidi ya 80 kwa dakika na namba ya juu ya presha iwe zaidi ya 80. Mapigo kwenda mbio si sababu ya kuacha, na mboni usizifuate, huchelewa kufunguka. Akipata homa, akaweweseka na tumbo likanyamaza, hapo umepita kiasi. Kesi moja mbaya humaliza boksi zima la atropini, kwa hivyo piga simu Hospitali Kuu ya Pwani mapema na umsafirishe huku sindano zikiendelea. Waambie pia wamwangalie shingo: kati ya saa 24 na 96 misuli yake huweza kulegea, akashindwa kuinua kichwa, kisha kupumua.

Mvuvi, Mtwapa: Na samaki bunju je? Wazee wanasema akipikwa sana hana shida.

Jibu: Moto hauiui sumu ya bunju. Iko zaidi kwenye ini na mayai yake. Midomo na ulimi hufa ganzi, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 45, kisha viungo hulegea mpaka pumzi. Haina dawa ya kuivunja. Mgonjwa hupumulishwa kwa mashine hadi iishe, kwa kawaida siku moja hivi. Zingatia hili: anaweza kuwa amepooza kabisa na bado anasikia kila neno, basi msimlilie kando kama maiti. Akiacha kupumua ufukweni, huyu mpe pumzi bila kukoma.

Dada wa kamati, Tononoka: Tuna shughuli ya watu wengi uwanjani mwezi ujao. Watu kadhaa wakianguka pamoja, nitajuaje ni joto au ni sumu?

Jibu: Angalia walikuwa wapi. Walioanguka juani baada ya kusimama sana, na ambao huamka wakilazwa kivulini na miguu juu, ni joto. Anayeweweseka na mwili unawaka moto, mmwagie maji na mpepee hapo hapo kabla ya kumsafirisha. Wakiwa wote wa hema moja wenye kichwa kuuma na kichefuchefu, tafuta jenereta, maana moshi wake ni sumu. Iwe mita 6 au zaidi kutoka hemani, moshi ukielekea nje. Na usikiamini kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, kwani damu iliyoshika moshi huisoma kama nzima: kinaonyesha 98 na mtu anakufa. Wape oksijeni kwa barakoa. Wakiwa waliokunywa pombe ya namna moja jana yake, na sasa wanaona ukungu mbele ya macho na kuhema kwa nguvu, hiyo ni methanoli, pombe ya sumu isiyofaa kunywewa. Ilishaua watu wengi nchini Mei 2014. Dalili zake huweza kukawia saa 12 hadi 24, basi watafuteni na wenzao waliorudi nyumbani wakilala.