Somo: Kumwajiri mpuliziaji wa dawa za wadudu katika nyumba za Pwani

Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa hewa huwa na unyevu karibu mwaka mzima, na hali hiyo huwafaa sana mende na mchwa. Wengi wetu humwita mpuliziaji na kumwagiza "dawa ya wadudu wote". Dawa hiyo haipo. Kinachostahili kulipiwa kwanza ni kumtambua mdudu.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Anayekutajia bei kwenye simu baada ya kuuliza idadi ya vyumba tu hajui anachokwenda kuua. Mchwa wa ardhini hujenga njia za udongo juu ya kuta, na dawa yao huingizwa kwenye udongo kuzunguka msingi bila kuacha pengo, kwa sababu wataupitia mwanya wowote uliobaki. Mchwa wa mbao kavu hawahitaji udongo kabisa: huishi ndani ya fremu au kabati na kudondosha chembe ndogo ngumu mfano wa mchanga, kwa hiyo hutibiwa ndani ya mbao yenyewe. Kupulizia kuta za sebule hakuwafikii hawa wala wale.

Hatua ya pili, omba kuona kibali chake cha kazi. Tanzania, viuatilifu husimamiwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kenya ni PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu waharibifu. Taka kuona chombo cha dawa chenye lebo yake, na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa isivuke kizingiti.

Hatua ya tatu ni mapatano ya maandishi yanayotaja jina la dawa, sehemu zitakazotibiwa na tarehe ya kurudi. Usiisamehe ziara ya pili, kwani mayai ya mende hukingwa na ganda ambalo dawa nyingi hazilipenyi, na watakaoanguliwa baadaye wataijaza nyumba upya.

Kabla ya siku ya kazi, ziba bomba linalovuja na uyaelekeze maji ya kiyoyozi mbali na ukuta. Bila hilo, utakuwa mteja wa kudumu.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeshauriwa kuweka vidonge vya kuhifadhia mahindi chumbani ili kuua kunguni. Je, ni salama?

Jibu: Hapana, kataa kabisa. Vidonge vya fosfidi ya alumini vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu, na inaweza kupenya hadi chumba cha jirani. Kufunga mlango hakutoshi.

Swali: Kisima chetu kiko karibu sana na msingi wa nyumba. Tufanyeje kuhusu mchwa?

Jibu: Mwonyesheni mkaguzi kisima hicho kabla hajachagua dawa. Upande huo usimwagiwe dawa ya udongo. Mwulizeni kama anatumia chambo cha mchwa, ambacho huliwa na kupelekwa kwenye kichuguu.

Swali: Mende wamezidi kuonekana mchana baada ya kazi. Je, tumeibiwa?

Jibu: Si lazima. Baadhi ya dawa huwafurusha mafichoni, na kwa siku chache za mwanzo hilo ni la kawaida. Ila kama mmewekewa dawa ya jeli, ambayo ni chambo cha kuliwa na mende, msipulizie dawa ya kopo juu yake, kwa sababu mende wataikwepa jeli hiyo, na mpuliziaji atakuwa na haki ya kukataa kurudia kazi bure.