Kuisoma picha ya MRI ya mgonjwa wa ataksia ya kurithi
Mgonjwa wa ataksia, yaani ugonjwa wa kupoteza uratibu wa mwendo na miondoko, akifika Mbeya mjini kutoka Tukuyu au Makete kwa kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu), avue kila chenye chuma, pini za nywele zikiwemo, na aeleze iwapo ana kifaa chochote mwilini. Anayesoma aanze na picha ya T1 (aina ya picha ya MRI ambamo maji huonekana meusi) inayokata kichwa katikati kutoka mbele hadi nyuma: serebela (ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa) iliyosinyaa huonyesha mifereji mipana, yenye maji meusi, kati ya mikunjo yake. Katika SCA2, aina mojawapo ya ataksia ya kurithi, shina la ubongo nalo hunywea, ilhali katika SCA6, aina nyingine, upungufu huwa zaidi kwenye serebela, ingawa kinachothibitisha aina ni kipimo cha vinasaba. Ataksia ya Friedreich, nayo ya kurithi, ndiyo hupotosha wengi, kwani mwanzoni serebela yaweza kuonekana nzima huku ugwe wa neva (unaopita ndani ya uti wa mgongo) shingoni umeshakonda. Kwa hiyo shingo nayo ipigwe picha.