Kuondoa Utando wa Grauti kwenye Vigae Vipya

Utando mweupe unaobaki juu ya vigae baada ya mianya kati yake kujazwa grauti (rojo la kujazia, kwa kawaida la saruji) ni chembe laini za saruji na rangi, ambazo hubebwa na maji ya kufutia na kugandia usoni mwa kigae maji yakikauka. Ndiyo maana kazi ya kuuzuia huanza siku ileile ya kujaza. Grauti ikishaanza kushika, kwa kawaida baada ya dakika 15 hadi 30, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, ukiipitisha mshazari ili isichimbe mianya, na kila ukipitisha mara moja ugeuze upande. Maji ya ndoo yakichafuka yamwage, kwa sababu sponji iliyosuuzwa humo huurudisha utando uleule. Sponji inayochuruzika nayo haifai, kwani maji mengi hudhoofisha grauti na kuipausha kwa mabaka.

Saa chache baadaye, uso ukiwa mkavu, sugua kwa taulo kavu. Mara nyingi utando huishia hapo, na asiyejaribu taulo bado hana sababu ya kununua asidi.

Utando ukigoma, subiri grauti ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko wake, kisha tumia kisafishio cha asidi hafifu kilichotengenezwa kwa kazi hii, ukianza na kona iliyojificha. Asidi haichagui: huyeyusha saruji ya utando na ya mianya vilevile, hivyo lowesha mianya kwa maji safi kwanza ili isiinyonye, na ukimaliza suuza zaidi ya mara moja. Vaa glavu na miwani, wala usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana hutoa gesi ya sumu. Marumaru halisi (nasema halisi, kwa kuwa wengi huita kila kigae marumaru) na mawe mengine ya jamii ya chokaa huharibiwa hata na siki. Hayo yanahitaji kisafishio kisicho na asidi.

Grauti ya epoksi (aina ya gundi ya plastiki inayokuwa ngumu) haina saruji, kwa hiyo asidi haitauondoa utando wake. Tafuta kisafishio chake maalumu mapema, kabla haijawa ngumu kabisa.

Iwapo unga mweupe unarudi kila mara ukitokea kwenye mianya, huo si utando bali ni chumvi zinazopandishwa na unyevu, na kinachopaswa kutafutwa ni mahali maji yanapoingilia.