Chagueni utaratibu wa timu kwa kuangalia namna kazi inavyoingia

Kabla hamjaamua kama timu yenu ya kutengeneza programu itafuata Scrum (kazi hupangwa kwa awamu fupi zenye muda maalumu) au Kanban (kila kazi ni kadi inayosogezwa kwenye ubao kadiri nafasi inavyopatikana), pitieni kazi zote za mwezi uliopita na mhesabu ni ngapi zilipangwa mapema na ngapi ziliingia ghafla. Scrum, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2020 unataja timu ya watu 10 au pungufu na awamu isiyozidi mwezi mmoja, huifaa kazi inayoweza kutulia walau wiki 2 bila kuvurugwa. Lakini timu ya watu 4 wanaohudumia mfumo wa malipo, ambao kila asubuhi hupigiwa simu na keshia kwamba risiti haitoki, itauona mpango wake umevunjika kabla ya Jumatano, wala si kwa uzembe. Hao nawasihi watumie Kanban: ubao wenye safu ya "inafanyiwa kazi" isiyobeba zaidi ya kadi 3, na ya nne isiingie mpaka moja itoke, hata mkubwa akisisitiza. Mkataba nao uangaliwe. Ikiwa mteja amekubali bei moja kwa orodha iliyokwisha kufungwa, msimwahidi mabadiliko ya kila awamu kabla ya kuandikiana ni nani atakayeyalipia.